Sinia Halikujibu

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilipaka mafuta ya karanga vibao vinne vya mninga: Ngao, Panga, Moto, Mpokezi. Vilikuwa vidogo, vya kutosha kiganjani, na marehemu Bi Ng'walu aliyenifundisha kazi ya kuwapanga watu kwenye nafasi alisema mpangaji anayeacha vibao vikauke ataacha na watu wakauke. Nilianza na Ngao kama kawaida. Nilikuwa nimefika kwenye Moto bomba la uani lilipokohoa.

Lilikohoa mara mbili, likatema maji ya kutu, likanyamaza. Nikabaki na kitambaa mkononi nikisikiliza, na mtaa mzima ulikuwa ukisikiliza. Kisha king'ora cha tangini kikaanza kulia. Kibao cha Mpokezi nikakitia mfukoni kikiwa kikavu.

Tangi la Itemelo lilikuwa limebakiza maji ya siku tatu, kwa watu elfu sita na mifugo yao. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mchezeshaji alikuwa ametuita.

*

Saa nne sinia liliwekwa katikati ya ukumbi wa soko, ugali wa mtama na nyama ya mbuzi ya kuchemsha, na watu tisa waliojitolea wakakaa kulizunguka. Mpangaji haruhusiwi kula wala kusema. Hukaa kwenye kigoda karibu na mlango akatazama mikono.

Ndivyo tunavyochagua wanne wa kushuka Shimoni. Mtu anaweza kukuambia kwa mdomo kwamba yeye ni simba, lakini mkono wenye njaa hausemi uongo. Anayekaa na mgongo wake mlangoni, akawakinga wenzake na upepo, huyo ni Ngao. Anayeukimbilia mfupa ni Panga. Anayemega ugali ukiwa bado unafuka, bila kuupuliza, ni Moto. Na anayewasukumia wenzake nyama, si mara moja kwa adabu, bali mara ya pili na ya tatu wakati nyama inakwisha, huyo ni Mpokezi.

Sinia lisipojibu, yaani mmoja kati ya wanne asipoonekana, mpangaji husimama, hulifunika kwa ungo na kutamka: sinia halikujibu. Kesho yake huitwa tisa wengine. Katika miaka ishirini Bi Ng'walu alilifunika mara tano. Huu ulikuwa mwaka wangu wa pili, na sikuwahi kuugusa ule ungo.

Shija, mpakuzi wa magunia, aliukalia upepo tangu mwanzo.

"Msinitazame hivyo, jamani," alisema. "Nimekaa huku kwa sababu ni karibu na mlango. Nikishiba natoroka."

"Utoroke na hilo tumbo?" akauliza Nyanzobe, mwenye bucha, huku mkono wake ukichomoa mfupa chini ya vidole vya watu wawili. "Mlango utaupeleka wapi, shemeji?"

Malale, fundi wa kuchomelea vyuma, alicheka na ugali wa moto mdomoni, machozi yakimtoka, asiuteme. Watatu hao walikuwa wazi kama mchana.

Wengine watano walikula tu kama watu wenye njaa. Wa tisa alikuwa Jilala, fundi baiskeli. Alisukuma kipande cha nyama kwa mwanamke aliyekaa kando yake. Akasukuma kingine kwa Malale. Kilipobaki kipande cha mwisho upande wake, akakisukuma tena. Shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa kidogo. Alitafuna ugali kwa upande wa kulia, polepole.

Jilala nilimfahamu, kama kila mtu alivyomfahamu. Ukimpelekea baiskeli wakati anafunga kibanda, atakuambia, "Iache." Mama yangu alipokuwa mgonjwa nilimwomba ndoo moja ya maji, akaleta ndoo kila siku kwa mwezi mzima, akiziweka kizingitini na kuondoka kabla sijapata sauti ya kumshukuru.

Madirishani watu walikuwa wamejaa na ndoo tupu. Mwenyekiti Bugumba alisimama mlangoni, akaitazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Ungo ulikuwa karibu na mguu wangu. Nikainuka, nikagawa vibao vitatu. Cha nne, kile kikavu, nikampa Jilala.

Alikigeuza. Mdomo wake ukafunguka, ukafumba.

"Mimi?"

"Wewe."

"Haya," akasema.

*

Wazee wa kale waliochimba Shimo hawakutaka kukaa gizani kusimamia pampu, kwa hiyo waliweka humo akili ya mashine iyasimamie maji. Wafanyakazi wake walikuwa na mchezo wao wa kupoteza muda: watu wanne wa kubuni huingia pangoni kupigana na mazimwi, mmoja ana ngao, mmoja upanga, mmoja hurusha moto, mmoja huponya. Wakaifundisha ile akili iwe mchezeshaji wao. Baadaye wakaondoka, au wakafa, hatujui. Akili ikabaki na pampu, giza na mchezo.

Hiyo ndiyo picha pekee ya binadamu aliyonayo Mchezeshaji. Babu zetu walipopeleka wanaume sitini wenye bunduki, aliwafungia milango akaachia maji. Walipopeleka wanne wenye nguvu sawa, wote wapiganaji, wote waliuawa kwenye mlango wa kwanza. Huwafungulia tu wanne wanaotofautiana. Hana chuki nasi. Akichoka kukaa peke yake hufunga maji, kisha hungoja aletewe wa kucheza nao.

Kwenye Mlango wa Shimo, sindano iliwachoma wote wanne shingoni, Ngao kwanza na Mpokezi mwisho. Sindano hiyo huingiza wafumaji, vidude vidogo kuliko vumbi, vinavyojua nyama ya mtu ilivyofumwa. Ukikatwa, wanaweza kukufuma upya kabla pumzi kumi hazijapita. Lakini hawaumbi nyama kutoka hewani. Nyama hiyo, damu hiyo na joto hilo lazima vitoke kwa mtu, na vinasafiri katika ukungu ambao Mchezeshaji huupuliza mapangoni. Wanachofuma kwa mwingine, wanakifumua kwa Mpokezi. Bi Ng'walu alisema kwa kifupi: jeraha halifi, huhama.

Kuhamisha ni kazi ya mpangaji. Nilikaa kwenye jiwe nje ya Mlango, kioo magotini, chombo cha kuongelea sikioni. Kwenye kioo kulikuwa na miili minne iliyochorwa kwa mistari myeupe. Jeraha lilipotokea lingewaka jekundu, nami ningeliburuta kwa kidole hadi kwa Jilala. Baada ya pumzi kumi linatulia kwa mwenyewe, na hakuna wa kulihamisha tena.

"Dada mpangaji," sauti ya Shija ilisema sikioni mwangu, "huku kunanuka kama soksi za Malale."

"Soksi gani," akasema Malale. "Mimi sina soksi."

"Ndiyo maana."

Mlango ukajifunga nyuma yao.

*

Fisi walikuwa watatu. Mchezeshaji aliwaunda kwa vyuma vya kuchimbia, na badala ya meno aliwapa vichwa vya keekee vinavyozunguka. Shija alibeba mlango wa lori uliotiwa mikanda. Alisimama katikati ya njia, akapiga kelele moja ya kipakuzi, ile ya kuinulia gunia, na fisi wa kwanza akajibamiza juu ya bati.

Niliyaona yote katika kioo kupitia kamera ya kofia ya Nyanzobe. Nyanzobe hakupigana kama askari. Alipigana kama mtu aliyechinja tangu msichana: aliingia pembeni, akatafuta kiungo, akakata bomba la mafuta nyuma ya goti, mguu ukaanguka kama paja la mbuzi. Malale akaingiza ndimi za moto wa bomba lake la kuchomelea kwenye shingo ya yule mwingine mpaka chuma kikawa chekundu, kikapinda. Fisi wa tatu alipita chini ya bati. Alimkamata Shija mkono juu ya kiwiko, na ile keekee ikazunguka.

Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Nyama iliruka ikagonga ukuta. Nikaona mfupa, mweupe kabisa, halafu damu ikaufunika.

Kioo kikawaka. Pumzi moja. Mbili. Nikaweka kidole.

Jilala alikuwa amelala chali hatua ishirini nyuma, kama Mpokezi anavyotakiwa kulala, macho darini, bila kujitikisa, ili jeraha lisambae mwilini mwake kama maji kwenye mchanga badala ya kumpasua mahali pamoja. Haruhusiwi kutazama vita. Kidole changu kilipofika kwake, mkono wake wa kulia ulifunguka peke yake. Hakuna kilichomgusa. Shati lilikuwa zima, na chini ya shati nyama ikaachana polepole kama mshono unaofumuliwa, na damu ikapita kwenye kitambaa. Michubuko ikamtambaa kifuani mpaka shingoni. Akauma mkanda wa begi lake.

Shija akaukunja mkono wake mpya, akautazama, akampiga fisi kichwani kwa ukingo wa bati mara saba, hata alipokuwa amekwisha kunyamaza.

"Asante, bwana baiskeli," alisema akihema.

Jilala alikuwa bado ameuma mkanda. Nilihamisha majeraha mengine manne katika mlango ule: sikio la Malale, mbavu mbili za Nyanzobe, paja la Shija. Kila nilipoburuta nilitazama pembeni. Kisha nikawa na aibu ya kutazama pembeni, nikatazama.

*

Walipumzika mbele ya mlango wa mwisho. Nyuma yake pampu ilikuwa kimya. Nyanzobe alifungua kifurushi cha nyama ya kukausha, akagawa.

"Kula leo," Shija akamwambia Jilala. "Jana nilikuwa naona aibu, nyama yote ulituachia sisi. Mtu mwema mpaka anatia hasira."

"Ilikuwa leo hiyo hiyo, shemeji," Nyanzobe akasema. "Huku chini unapoteza siku."

"Kula, bwana."

"Siwezi," Jilala akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeongea na meno yamefungwa. "Jino. Lina siku nne. Nikigusa kitu kigumu, naona nyota."

Nikalisogeza kioo karibu. 

"Jino," Malale akarudia.

"Kwa hiyo ile nyama..." Nyanzobe akaanza.

"Nilikuwa na njaa kama nyinyi."

Shija alianza kucheka, kicheko kirefu cha tumbo, akijipiga paja lililokuwa limepasuka nusu saa kabla. "Mungu wangu. Tumepewa Mpokezi wa jino." Lakini kicheko kikamwishia mapema, nami nilijua amemtazama Jilala vizuri, ile michubuko na mkono ule. "Mbona hukusema pale?"

"Alikwishanipa kibao."

"Dada mpangaji, umesikia?"

Nilisikia.  Sindano ikishaingia, nafasi haibadilishwi. Mchezeshaji anamjua kila mtu kwa kibao chake, na anayetaka kutoka njiani huuawa na milango. Ningeweza kusema hilo. Ningeweza kusema na lile jingine.

"Nimesikia," nilisema. "Endeleeni."

*

Chumba cha pampu kilikuwa na mamba wa chuma. Urefu wake ulikuwa wa malori mawili, miguu haikuwepo, tumbo lilitambaa juu ya minyororo. Hakungoja. Alimjia Shija moja kwa moja, na bati la mlango wa lori likakunjika kama karatasi ya maandazi. Moto wa Malale ulimrudia mwenyewe, ukamla nyusi na ngozi ya paji. Nikaburuta. Nyanzobe alirushwa ukutani, nikasikia nyonga ikivunjika kama kuni. Nikaburuta. Jilala alikuwa akitetemeka chini, uso wote umevimba, na mstari wake kwenye kioo ulikuwa umefifia. Alikuwa amebakiza robo ya uhai wake, labda pungufu.

Kisha mdomo wa mamba ukamfunga Shija kiunoni.

Meno yalitokea upande wa pili. Alishika taya la juu kwa mikono miwili, akalisukuma, na kwa nguvu zile za kupakua magunia alilizuia lisikutane na la chini. Utumbo wake ulikuwa umeanza kutoka. Kwenye kioo alikuwa mwekundu kuanzia kifuani hadi mapajani.

Jeraha lile lisingesambaa popote. Yeyote atakayelipata atakufa nalo.

Pumzi moja.

"Hamisha," Nyanzobe akapiga kelele. "Minza, hamisha."

Mbili. Hajawahi kutokea mpangaji aliyesita hapo. Ngao akifa, hakuna anayezuia, na hakuna kikosi kilichowahi kupita chumba hicho bila Ngao. Mpokezi akifa, bado kuna watatu wenye nguvu. Hata mtoto angepiga hesabu hiyo. Tatu. Kidole changu kilikuwa juu ya Shija.

"Jilala," nikasema.

Mpangaji haulizi. Hakuna neno la kuuliza katika yote niliyofundishwa, kwa hiyo nikauliza kama ninavyouliza mambo mengine, kwa sauti inayokaribia kukatika.

"Jilala, ni kubwa. Nikikupa, utakufa. Nikupe?"

Nne. Tano. Malale alikuwa akilia. Nyanzobe alinitukana, tusi ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamke. Sita.

"Hapana," Jilala akasema.

Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akalirudia kwa nguvu. "Hapana, Minza. Sitaki kufa."

Wote tulikuwa katika sikio moja. Shija naye alikuwa humo.

"Nimesikia," Shija akasema.

Saba. Niliondoa kidole. Nilikiweka hewani juu ya kioo, na sikukirudisha. Nane, tisa, kumi. Wekundu ukatulia, ukawa kahawia.

Shija hakuachia taya. Nadhani hata moyo uliposimama mikono yake haikupata habari. Na hapo ndipo Jilala alipoinuka. Mpokezi haruhusiwi kuinuka, lakini aliinuka kwa magoti, damu ikimtiririka kila mahali, na kwa mara ya kwanza siku ile akatazama vita. Alitazama kwa jicho la fundi baiskeli. Alitambaa mpaka ubavuni mwa mamba, akachomoa spana kutoka begini, akaisukuma kwenye meno ya gurudumu, pale mnyororo unapoingia. Mnyororo ukapanda, ukakatika. Ukamchapa usoni. Mamba akalala ubavu, akijizungusha mahali pamoja, na Malale akamkaanga shingo kwa dakika nzima huku akitaja jina la Shija.

Maji yalirudi. Niliyasikia yakipita chini ya jiwe langu.

Wale wengine wanaosikia hadithi hii huniuliza kama Jilala angeuona mnyororo ule mapema lau angepewa Panga, au hata lau asingelazwa chali. Sijui. Najua tu kwamba tulimlaza.

*

Walitoka alasiri. Shija walimbeba juu ya lile bati lililokunjwa, amefunikwa koti la Malale. Mji ulikuwa umekusanyika Mlangoni na ndoo zilizojaa, wakiimba, na wimbo ukafa mstari kwa mstari kadiri watu walivyoona.

Holo, mke wa Shija, hakupiga yowe. Alifunua koti, akalirudisha. Akauliza, "Mpokezi wenu alikuwa wapi?"

"Huyo hapo," Nyanzobe akasema. Alikuwa akichechemea, ingawa nyonga yake ilikuwa nzima. "Mwulize mwenyewe. Aliulizwa, akakataa."

"Mpokezi anakataa?" mtu akasema nyuma.

"Tangu lini?"

"Ana moyo wa jiwe huyu. Tumekula naye miaka yote."

Ndoo ilirushwa. Sikuona nani. Ilimpata Jilala shavuni, lile la kushoto, akaanguka kwa mkono mmoja, akatema damu, na ndani ya damu mlikuwa na jino. Alilitazama tu. Watu wawili walimkanyaga mgongoni. Wa tatu aliokota jiwe. Jilala hakunyoosha mkono kujikinga. Nilifikiri neno lake moja lilikuwa limekwisha, kwamba alikuwa nalo moja tu maishani.

Nilikuwa bado nimekaa, kioo magotini. Nikasimama.

"Si yeye," nikasema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Holo, ambaye alikuwa karibu. Aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Umesema nini?"

Mwenyekiti Bugumba alinyoosha mkono kuwatuliza watu. "Mpangaji anaongea. Dada, kama una neno, liseme watu wasikie."

 Nilikwenda nikasimama kati yao na Jilala, nikaokota kibao chake kilichoanguka matopeni. Kilikuwa bado kikavu upande mmoja.

"Nililiona shavu lake," nikasema. Nikaanza upya, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Asubuhi, kwenye sinia, nililiona shavu lake limevimba, nikajua ni jino. Nilijua nyama ile haikuwa wema. Hakukuwa na Mpokezi katika wale tisa. Sinia halikujibu, na ungo ulikuwa hapa mguuni kwangu, lakini mlikuwa madirishani na ndoo zenu, nami niliona haya kusimama mbele yenu na kusema hakuna. Holo, nisikilize. Kibao nilimpa Jilala kwa sababu katika mji huu wote ndiye mtu pekee niliyejua hawezi kunikatalia."